Daluga ukutani, pingu kiunoni!

Vijana wa Chamazi, leo tuambiane ukweli. Tangu Azam washushe uwanja wao pale, kila dogo mwenye miguu miwili anajiona staa. Siwalaumu. Msimu wa 2013/14 timu hiyo ilitwaa ubingwa wa Bara bila kufungwa hata mechi moja, sasa nani asiote? Ila nauliza: goti likigoma ukiwa na miaka 30, utakula nini?

Mtaani tukisikia mcheza kandanda kageuka njagu, tunacheka eti kafulia. Mimi sioni cha kuchekesha. Mcheki Mdachi Arjan de Zeeuw, beki kisiki aliyekuwa nahodha wa Wigan, ile iliyochapwa 4-0 na Manchester United kwenye fainali ya Kombe la Ligi kule Uingereza mwaka 2006. Alipotundika daluga mwaka 2009 hakung'ang'ania jina. Alirudi kwao Uholanzi, akaingia polisi, akawa mpelelezi. Jana anakaba mastraika, leo anakaba wezi!

Hapa kwetu wala hungoji kustaafu. Timu za majeshi zinakuchukua kwa mguu wako, ukibahatika unapelekwa depo, unapiga kwata, unatoka na namba ya askari. Usizidharau timu hizo. Tanzania Prisons walibeba ubingwa mwaka 1999, Polisi ya Uganda mwaka 2005, na Polisi ya Kenya wakabeba wa kwao msimu wa 2024/25.

Utamu wa kibarua hicho unauona mambo yakiharibika. Polisi Tanzania walipanda Ligi Kuu mwaka 2019, mwaka 2023 wakashuka. Timu ikishuka, mchezaji raia mwenye mkataba anaanza kuhangaika na begi lake. Mwenzake mwenye namba ya askari anavaa gwanda, Jumatatu yuko kazini. Mshahara wa afande haushuki daraja, ati!

Lakini na mimi nina langu. Uaskari si pensheni ya wacheza mpira. Kupiga chenga mabeki watatu hakukufundishi kuandika maelezo ya mlalamikaji. Mama kaibiwa mtaji wake wote wa genge, kaja kaunta analia, anataka RB. Wewe unamsimulia goli ulilofunga Mkwakwani? Hapo umeshamwibia mara ya pili. Kama gwanda umelipata kwa mashuti, basi kazi yenyewe ujifunze kama ulivyojifunza kupiga hayo mashuti.

Kwa hiyo, dogo, cheza mpira, tena ucheze kwelikweli. Ila cheti cha fomu foo kifungie kabatini vizuri, maana jeshini watakiulizia. Jina hupotea kabla hata nyasi za uwanjani hazijakauka. Na siku utakayosikia staa wako wa zamani yupo kituoni anaitwa afande, usimcheke, bwana. Mpigie saluti.