Sosi, Siki na Kutu ya Panga

Msomaji wetu wa Litein, muuza chipsi, anauliza afanyeje na sosi ya nyanya inayogoma kutoka chini ya chupa, siki ya juzi, na maji ya achari ambayo vipande vyake vimekwisha. Anasema kumwaga kunamuuma. Ana haki ya kuumia. Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, UNEP, lenye makao yake Gigiri jijini Nairobi, lilikadiria katika ripoti yake ya mwaka 2024 kwamba mwaka 2022 dunia ilitupa tani bilioni 1.05 za chakula, na asilimia 60 ya hicho kilitupwa majumbani.

Matumizi ya mabaki hayo ni mengi. Siki hutoa ukoko wa chokaa ndani ya birika, sosi hung'arisha shaba, maji ya achari huamsha kachumbari iliyopoa. Mengi kati ya hayo mnayajua, kwa hiyo nayapita. Lakini huko Litein, nyumba ya mkulima wa chai ina adui mwingine: kutu. Kericho na Bomet ni nchi ya mvua na umande, na panga la kupogolea michai likisahaulika nje, asubuhi limeshavaa kahawia. Hapo ndipo sosi inapopata kazi ya heshima.

Kutu ni chuma kilichofungamana na oksijeni na maji. Ukitaka kuiondoa bila kuikwaruza, lazima uivunje ndoa hiyo. Siki ina asidi ya asetiki. Nyanya zina asidi ya sitriki, na kwa kuwa sosi ya dukani hutiwa siki pia, chupa moja inakuwa na zote mbili. Isitoshe, sosi ni nzito: inang'ang'ania ubapa wa panga pale ambapo siki ingetiririka chini.

Sasa njoo nami hadi stendi ya matatu ya Kericho saa za asubuhi. Ioni ya chuma ni abiria aliyesimama kwenye kutu, mikono yake imejaa mizigo, na mizigo yenyewe ni oksijeni. Haidrojeni inayotoka kwenye asidi humpokonya mizigo hiyo na kuigeuza maji. Abiria amebaki mikono mitupu, lakini bado hajapanda gari. Akiachwa hapo atatafuta oksijeni nyingine na kutulia palepale. Ndipo makanga wanapomvamia. Asidi ya asetiki ni makanga mwenye mkono mmoja: anamshika abiria begani, abiria anajipangua na kwenda zake. Asidi ya sitriki ina mikono minne. Mmoja unashika kola, wa pili mkanda, wa tatu kiwiko, na wa nne, ambao ni wa namna tofauti kidogo na wenzake, unamzunguka kiunoni. Abiria huyo hatoki. Anabebwa hadi ndani ya gari, yaani kwenye maji ya sosi, na gari linaondoka naye unapolisuuza panga.

Wanakemia hukiita kitendo hicho kelesheni. Nimefikiria kukiita kukaba, lakini anayekabwa hushikwa koo tu. Kiswahili kina kukwida, kumshika mtu kwa nguo zake asiponyoke, na nitakiita ukwidaji mpaka aliye na neno bora alilete.

Uzuri wa nchi ya chai ni kwamba makanga hodari kuliko wote wamo ndani ya kikombe. Tanini za chai nazo hukwida chuma, ila hizi hazimpeleki abiria popote. Zinamshika zikiwa nyingi, zinashikamana zenyewe kwa zenyewe, na msongamano wote unaganda palepale stendini hadi njia inazibika. Matokeo yake ni utando mweusi unaoelekea buluu juu ya chuma, ambao huchelewesha hewa na maji kukifikia. Wino uliotumika Ulaya kwa karne nyingi ulitokana na chuma na tanini kwa njia hiyohiyo. Ndiyo sababu pia kisu cha chuma cha kawaida huwa cheusi kinapokata matawi mabichi ya mchai.

Basi fanya hivi. Paka sosi iliyobaki juu ya kutu, uiache saa moja. Kutu nene iachie usiku kucha. Sugua kwa gunzi la mahindi, suuza sana kwa sababu sosi ina chumvi na chumvi huita kutu mpya, kisha kausha. Halafu lilaze panga kwenye chai ya rangi iliyokolea, ile iliyolala kwenye chupa ya chai, mpaka liwe jeusi. Likaushe, ulipake mafuta kidogo. Chai ya maziwa haifai, kwa sababu protini za maziwa zimeshazishika tanini kabla yako. Sufuria za alumini zisiguswe na asidi muda mrefu, na siki isichanganywe kamwe na dawa ya kung'arisha nguo kama Jik, maana hutoa gesi ya sumu.

Jambo moja la mwisho, nalo linahusu meza. Ukwidaji hauchagui mahali. Tanini zinazolinda panga hukamata pia chuma cha maharagwe na sukumawiki tumboni, na mwili ukakipata kidogo tu. Mama mjamzito na yeyote aliyeambiwa kwamba damu yake ni pungufu ale kwanza, kisha asubiri angalau saa moja kabla ya kumimina chai.