Mashine Haivunji Mfupa: Kweli na Uongo Kuhusu Tiba ya Mawimbi kwa Kisigino

Mwenye maumivu sugu ya kisigino huyajua vizuri zaidi alfajiri. Anashusha miguu kitandani, anakanyaga sakafu, na hatua ya kwanza inamfanya ashike ukuta. Akizungukazunguka kidogo nyumbani maumivu yanalegea. Jioni, baada ya kusimama kutwa nzima darasani, jikoni au getini, yanarudi tena. Chanzo chake mara nyingi ni ukano mpana wa unyayo, unaoanzia kwenye mfupa wa kisigino na kufika kwenye mizizi ya vidole, ukilishikilia tao la mguu kama uzi unavyoushikilia upinde. Ukichakaa pale unaposhikana na mfupa, unaweza kuuma kwa miezi mingi.

Waliokaa na maumivu hayo muda mrefu sasa husikia habari za tiba ya mawimbi ya mshtuko. Kichwa cha mashine kinawekwa kisiginoni, hakuna kisu, na baada ya dakika chache mgonjwa anavaa viatu anaondoka zake. Habari hizo zimeenea kuliko mashine zenyewe, na mchele umechanganyika na pumba.

"Mawimbi huvunjavunja mfupa ulioota kisiginoni." Si kweli.

Huu ndio uongo wenye mizizi mirefu kuliko yote, na ukijua historia yake huwezi kumlaumu anayeuamini. Tiba hii haikuanzia miguuni. Ilianzia kwenye figo, mjini Munich, Ujerumani, Februari 1980, pale daktari Christian Chaussy na wenzake walipomtibu mgonjwa wa kwanza wa mawe ya figo kwa mawimbi ya mshtuko. Mashine yao ilitengenezwa na Dornier, kampuni ya ndege ambayo wahandisi wake walikuwa wakichunguza madhara ya mawimbi ya aina hiyo kwenye vyombo vya angani. Mgonjwa alilazwa ndani ya beseni kubwa la maji, mawimbi yakapita majini na mwilini hadi kwenye jiwe, na jiwe likasagika bila tumbo kupasuliwa. Ni miaka ya baadaye tu tiba hiyo iliposhuka kwenye mabega, viwiko na visigino. Mwaka 2000 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani iliidhinisha mashine ya kwanza ya aina hii kwa ajili ya maumivu ya kisigino.

Basi mtu akiambiwa mashine iliyosaga mawe sasa inatibu visigino, na eksirei yake imeonyesha kijimwiba cha mfupa, yeye mwenyewe anamalizia hadithi: mwiba utasagwa. Hausagwi. Ukipiga eksirei nyingine baada ya matibabu, mwiba utaukuta pale pale, hata kwa aliyepona kabisa. Na hakuna ubaya, kwa sababu kwa kawaida mwiba siyo unaouma. Wako watu wengi wanaotembea na miiba hiyo bila habari nayo, na wako wanaolia na kisigino ilhali eksirei yao ni safi. Nadhani picha ile imetisha wagonjwa wengi kuliko ilivyowasaidia.

Mawimbi hufanya nini, basi? Mwaka 2003 watafiti wa Marekani walichapisha uchunguzi wa vipande vya ukano kutoka kwa wagonjwa 50 waliofanyiwa upasuaji wa kisigino. Kwa hadubini hawakuona uvimbe wa moto uliodhaniwa kuwapo. Waliona ukano uliochakaa na kushindwa kujijenga upya. Maelezo yanayokubalika zaidi leo ni kwamba mapigo ya mashine huuchokoza mwili urudi kuikarabati sehemu hiyo, huchochea mishipa midogo ya damu kuota, na hupunguza makali ya neva zinazopeleka maumivu. Kazi hiyo huchukua wiki kadhaa. Ndiyo maana tafiti nyingi hupima matokeo baada ya wiki 12, na anayetoka kliniki akitarajia kurukaruka siku hiyo hiyo atakasirika bure.

"Ni kupigwa shoti ya umeme, au ni mionzi." Si kweli. Hakuna umeme unaopita mwilini, wala hakuna mionzi ya aina ya eksirei. Ni msukumo, sawa na sauti yenye nguvu sana. Mashine zinazoonekana zaidi kwenye kliniki za fiziotherapia hutumia hewa iliyobanwa: hewa hiyo hurusha kipande kidogo cha chuma ndani ya mpini, kinagonga ncha iliyogusa ngozi, na pigo hilo husambaa ndani. Aina nyingine huyakusanya mawimbi na kuyaelekeza sehemu moja, ndani zaidi. Jeli inayopakwa ni ya kusaidia mawimbi yapite vizuri kutoka kwenye mashine hadi mwilini, haina dawa.

"Kwa kuwa hakuna kisu, haiumi." Inauma. Mapigo ni mengi, mara nyingi kama 2,000 kwa kikao, tena yanaelekezwa pale pale panapouma. Wengi huvumilia, na mtaalamu mzuri huanza na nguvu ndogo akapandisha taratibu. Baadaye ngozi inaweza kuwa nyekundu, kuvimba kidogo au kuvilia damu, kisha hutulia.

Hapa wengi huomba ganzi. Ni ombi la busara kwa sura yake, lakini utafiti uliofanywa Ujerumani ulikuta kwamba waliopigwa sindano ya ganzi kabla ya mawimbi walipata nafuu ndogo kuliko waliovumilia. Sababu moja inaeleweka kwa urahisi: mgonjwa asiye na ganzi ndiye anayemwambia mtaalamu, "hapo hapo," na mapigo yakaangukia mahali panapostahili. Kisigino kilichokufa ganzi hakiwezi kuelekeza.

"Imethibitishwa kisayansi." Kweli, lakini soma na maandishi madogo.

Maumivu ya kisigino yana tabia ya kupungua yenyewe, kwa hiyo kumuuliza mgonjwa kama amepata nafuu hakutoshi. Watafiti makini huwagawa wagonjwa kwa bahati nasibu: kundi moja linapata mawimbi halisi, jingine linawekewa mashine inayolia vilevile ila haipitishi kitu, na wagonjwa hawaambiwi nani kapata nini. Majaribio mawili ya namna hiyo mwanzoni mwa miaka ya 2000 yaliiaibisha tiba hii. Australia, mwaka 2002, wagonjwa 166 waligawanywa, na makundi yote mawili yakapata nafuu sawasawa. Mwaka uliofuata Wajerumani walitoa matokeo ya wagonjwa 272: waliofanikiwa kwa mawimbi ya kweli walikuwa asilimia 34, kwa mawimbi ya bandia asilimia 30. Tofauti ndogo mno. Jaribio hilo la Ujerumani, kumbuka, lilitumia ganzi.

Majaribio ya baadaye yalileta sura nyingine. Mwaka 2008 lilichapishwa jaribio la mashine ya hewa iliyobanwa kwa wagonjwa 245 wa muda mrefu, bila ganzi. Waliofanikiwa walikuwa asilimia 61, dhidi ya asilimia 42 ya waliopata mawimbi ya bandia. Mwaka 2015 jaribio jingine la wagonjwa 250, safari hii kwa mawimbi yaliyokusanywa, lilionyesha maumivu yakipungua kwa asilimia 69 dhidi ya 34.5.

Mimi nazisoma takwimu hizi hivi: tiba ina faida ya kweli kwa maumivu sugu, ila anayekuahidi uponyaji wa uhakika hajasoma. Katika jaribio la 2008, wanne hivi kati ya kumi walifanikiwa kwa mashine isiyopitisha kitu. Na kati ya waliopata mawimbi halisi, wanne hivi kati ya kumi hawakufika kwenye kipimo cha mafanikio. Jambo jingine la kuangalia ni idadi ya vikao. Majaribio ya 2008 na 2015 yalitumia vikao vitatu. Ukiuziwa kifurushi cha vikao kumi kwa mkupuo, una haki ya kuuliza kwa nini, kabla hujatoa hela.

"Ukiwahi mashine mapema, utapona mapema." Si kweli, na hapa ndipo watu hupoteza fedha nyingi. Mwaka 2010 lilichapishwa jaribio la wagonjwa 102 ambao maumivu yao hayakuwa yamefikisha wiki sita. Kundi moja lilipata mawimbi, jingine lilifundishwa zoezi moja la kunyoosha unyayo. Baada ya miezi miwili, walioridhika upande wa zoezi walikuwa asilimia 65. Upande wa mashine, 29.

Zoezi lenyewe halina gharama. Kabla ya kukanyaga asubuhi, kaa kitandani, weka mguu unaouma juu ya goti la pili, shika vidole uvivute kuelekea kwenye muundi mpaka uusikie ukano umekaza chini ya unyayo. Hesabu hadi kumi, achia, rudia mara kumi. Fanya mara tatu kwa siku. Ongeza kunyoosha shavu la mguu ukiwa umeegemea ukuta, vaa viatu vyenye soli nene hata ndani ya nyumba, na ziache zile ndala zilizokwisha. Mawimbi ni ya yule ambaye amefanya hayo kwa miezi sita hivi bila kudanganya, na bado anashika ukuta kila asubuhi.

"Kisigino kikiuma ni yuriki, au ni baridi ya sakafu." Mara chache. Gauti, ugonjwa unaoletwa na yuriki, hupenda kiungo cha dole gumba la mguu: huvimba, huwa chekundu na cha moto, mara nyingi ghafla usiku. Sakafu ngumu inaweza kumchosha anayetembea pekupeku, lakini ni kwa ugumu wake, siyo ubaridi. Hata hivyo, maumivu mengine ya kisigino hayatokani na ukano huu, na hayapaswi kupelekwa kwenye mashine kwa kubahatisha. Kisigino kinachouma ukikibana pande mbili kinaweza kuwa na ufa wa mfupa. Ganzi na moto unaosambaa unyayoni huelekeza kwenye neva. Kijana anayeumwa visigino vyote viwili na kuamka na mgongo uliokakamaa kwa zaidi ya nusu saa amwone daktari wa viungo. Homa, uvimbe, au maumivu yanayokuamsha usingizini yanataka daktari kwanza.

Na wako wasiofaa kuguswa na mashine hii: mjamzito, mtoto ambaye mifupa yake bado inakua, anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda au mwenye tatizo la damu kuganda, na mwenye uvimbe wa saratani au maambukizi sehemu ile. Aliyechomwa sindano ya steroidi kisiginoni wiki chache zilizopita naye aseme mapema, kwa kuwa sindano hiyo inaweza kuudhoofisha ukano wenyewe, na kwa kawaida hutakiwa kusubiri wiki sita hivi. Mwenye kisukari aliyepoteza hisia miguuni aseme pia, hata kama hajaulizwa.