Kifurushi cha Mama Kisipungukiwe Hata na Wembe

Mama mjamzito anapokaribia siku zake za kujifungua, mara nyingi jamaa hutumwa kununua vifaa vitakavyohitajika. Baadhi ya maduka ya dawa huviuza vikiwa pamoja katika kifurushi kimoja: glavu, wembe mpya, vibanio vya kitovu, pamba, karatasi ya nailoni, sabuni na sodo. Mnunuzi hulipa mara moja na kwenda zake bila kufungua.

Lakini je, vyote vimo? Kitovu kikikatwa kwa wembe usio safi, mtoto mchanga anaweza kupatwa na pepopunda. Glavu zikikosekana, mama na mkunga wote wamo hatarini. Kwa hiyo kuhesabu vifaa dukani si kazi ya karani tu. Ni jambo la afya.

Vifurushi si vigeni

Mnamo 1977, Shirika la Afya Duniani (WHO) lilitoa orodha yake ya kwanza ya dawa muhimu. Mapema miaka ya 1980, Kenya ilianza kupeleka dawa katika zahanati na vituo vya afya vya mashambani zikiwa zimefungwa katika masanduku maalumu. Tanzania nayo ilifanya hivyo katika miaka hiyo hiyo. Masanduku yalisaidia sana, kwani dawa zilifika pamoja na ilikuwa vigumu kuziiba njiani.

Kasoro yake ilikuwa kwamba yaliyomo yalipangwa mbali na mgonjwa. Zahanati ya nyanda za juu zenye baridi haina wagonjwa wa malaria wengi kama ile ya nyanda za chini zenye joto. Kwa hiyo dawa moja hurundikana hadi ikaharibika, huku nyingine ikiisha kabla ya mwezi kwisha. Ndiyo sababu Kenya baadaye iligeukia utaratibu wa kila kituo kuagiza kinachohitaji. Tangu 2013, huduma za afya zilipogatuliwa, kaunti kama Meru na Embu ndizo zinazoagiza dawa za vituo vyao.

Kompyuta inavyohesabu

Tuseme kuna duka la dawa huko Kaaga, viungani mwa mji wa Meru, karibu na Chuo Kikuu cha Kimethodisti cha Kenya. Kila kifurushi chake kina jozi 3 za glavu, vibanio 2, wembe 1 na pakiti 1 ya pamba. Stoo ina jozi 40 za glavu, vibanio 12, nyembe 100 na pakiti 30 za pamba. Je, ni vifurushi vingapi vinavyoweza kuuzwa?

Glavu zinatosha vifurushi 13, lakini vibanio vinatosha 6 tu. Basi jibu ni 6, hata kama nyembe zimejaa rafuni. Mteja mwingine akija akanunua kibanio kimoja peke yake, vinabaki 11, na vifurushi vinavyowezekana vinashuka hadi 5. Mtu mwenye shughuli nyingi husahau hesabu hiyo, lakini programu ya stoo iliyopewa orodha ya vilivyomo katika kifurushi huifanya papo hapo kila kitu kinapouzwa. Pia humwonya mwenye duka mapema kwamba vibanio vinakaribia kwisha, jambo la maana ikiwa vinaagizwa kutoka Nairobi, zaidi ya kilomita 200.

Muuzaji akifunga vifurushi 4 mapema, ni lazima aiambie programu. Hapo vibanio vilivyo huru hushuka kutoka 12 hadi 4, na vifurushi vilivyo tayari huwa 4. Asipofanya hivyo, vibanio 8 vitahesabiwa mara mbili, na kompyuta itaahidi mali isiyokuwapo.

Tarehe na nambari

Kifurushi huharibika pamoja na kile kinachotangulia kuharibika ndani yake. Kama muda wa glavu unakwisha Machi na wa sabuni Desemba, tarehe ya kifurushi ni Machi. Programu nzuri huchagua tarehe hiyo yenyewe, na huelekeza kwamba kinachokaribia kuharibika kitolewe kwanza.

Nambari ya bechi nayo ihifadhiwe. Bodi ya Famasia na Sumu ikiagiza bidhaa fulani irudishwe, duka lenye rekodi litajua ni vifurushi vipi vyenye bechi hiyo. Lisilo na rekodi litalazimika kufungua vyote.

Kuna vitu pia visivyofaa kukaa humo. Oksitosini, dawa inayozuia mama kuvuja damu nyingi baada ya kujifungua, huhifadhiwa kwenye baridi ya nyuzi 2 hadi 8 za Selsiasi. Hiyo hukaa katika friji ya hospitali, na rekodi yake huwekwa kando.

Kompyuta haina macho

Hata hivyo, programu hujua tu kile ilichoambiwa. Muuzaji akichomoa kibanio katika kifurushi ili kumsaidia mteja mwenye haraka, bila kuandika, kompyuta itaendelea kusema kifurushi ni kamili. Atakayegundua ni mkunga, saa nane za usiku. Kwa hiyo vifurushi vifungwe kwa utepe unaoonyesha vikifunguliwa, na stoo ihesabiwe kwa mkono angalau mara moja kwa mwezi. Umeme ukipotea, mauzo yaandikwe kitabuni na kuingizwa baadaye. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.

Nawe msomaji, ukinunua kifurushi, fanya haya:

- Omba orodha ya vilivyomo na uilinganishe na ile uliyopewa kliniki.
- Tazama kama utepe haujakatwa, na kama pakiti za glavu na wembe hazijatoboka wala kulowa.
- Soma tarehe ya kila kitu, si ile ya nje pekee.
- Weka risiti, ili kikipungua kitu urudi nayo.

Fanya hivyo wiki chache kabla ya siku ya kujifungua, wakati duka lingali wazi na kosa lingali linarekebishika.