Matundu ya USB Yanapogoma: Pima Kabla ya Kumlipa Fundi

Katika vibanda vya steshenari vya Mbagala, Tandika na Manzese, tundu la USB ndilo mlango wa riziki: humo hupita flashi za barua za kuchapishwa na simu za kuingizwa nyimbo. Matundu yakigoma kazi husimama, na mwenye kompyuta huwa tayari kukubali neno lolote la fundi, hata la kubadili mazabodi nzima. Kwa watumiaji wa Linux, tunashauri kipimo ambacho hakigharimu hata shilingi.

Matundu kadhaa huongozwa na kidhibiti kimoja cha USB kilicho ndani ya kompyuta. Kwa hiyo tundu moja likifa peke yake, aghalabu kosa ni la tundu lenyewe: vumbi, kutu ya hewa ya chumvi, au pini iliyopinda. Yakifa yote kwa pamoja, mashaka hukielekea kidhibiti au programu inayokiendesha.

Zima kompyuta, chomoa waya wa umeme, toa betri ikiwa inatoka, kisha bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde 30. Rudisha umeme, chomeka kibodi ya USB peke yake, washa na uingie kwenye mipangilio ya BIOS kabla Linux haijapanda. Kibodi ikiitika hapo lakini ikanyamaza Linux ikishapanda, yaelekea vifaa ni vizima na kosa ni la programu. Ikiwa tatizo lilianza baada ya kusasisha mfumo, washa kwa kerneli ya awali, inayopatikana katika orodha ya mwanzo.

Kwenye kompyuta mpakato, ambayo kibodi yake ya ndani kwa kawaida huendelea kufanya kazi, andika amri ya lspci. Kidhibiti kisipoorodheshwa, ama kimezimwa kwenye BIOS ama kimekufa. Amri ya sudo dmesg nayo huonyesha kumbukumbu za kerneli. Maneno over-current yakitokea, kuna kifaa kinachovuta umeme kupita kiasi, au tundu lina shoti. Kwa kawaida tundu la USB 2.0 hutoa miliampea 500, na la USB 3.0 miliampea 900. Diski ya nje inaweza kulielemea, ichomoe kwanza.

Hata kidhibiti kikithibitika kufa, kompyuta ya mezani yenye nafasi ya PCI Express hupokea kadi ya ziada ya USB bila kubadili mazabodi. Fundi asiyeitaja njia hiyo aulizwe sababu. Mpakato hauna unafuu huo, na kigawanyio cha matundu hakisaidii, kwa kuwa hupitia kidhibiti kilekile.

Kabla ya kuiacha kompyuta, hamisha mafaili yako kwa mtandao. Andikianeni namba ya mashine, tatizo, bei na siku ya kuichukua. Dai risiti, na urudishiwe kila kifaa kilichotolewa. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha au kumhadaa mlaji katika biashara, na maandishi hayo ndiyo yatakayokuwa ushahidi wako utakapolalamika mbele ya Tume ya Ushindani.