Kaye ya Popo

Jioni, jua linapozama nyuma ya milima ya Fizi na rasi ya Ubwari ikabaki na mwanga wa mwisho kule ng'ambo ya maji, mtoto mmoja wa jirani huja uani kwangu hapa Baraka na vitu vitatu: kaye ya shule iliyobakiwa na kurasa nyeupe, biki, na konzi ya maharage. Hukaa kwenye jiwe na kukazia macho paa la shule, pale mabati yalipoacha upenyo juu ya ukuta. Anasubiri popo.

"Usinisemeshe, Koko," huniambia. "Nitapoteza hesabu."

Wa kwanza hutoka peke yake. Hudondoka kidogo kama jani kavu, kisha mbawa zikamshika, akapita juu ya miembe kuelekea ziwani. Baada yake hutoka watatu, halafu wengi kwa mpigo. Mtoto hawafuati kwa macho. Hutazama kipande kimoja tu cha anga ambacho bado kina mwanga, na kila wakipita kumi huhamisha punje moja ya haragwe kutoka kiganjani hadi kwenye kikombe. Juzi alipata punje thelathini na moja na popo wanne wa juu. Akaandika: 314. Akaongeza tarehe, saa, na neno moja, "mawingu".

Ninyi watoto wenzake mnamcheka njiani, mnamwita mama popo. Nimeona niwaandikie, kwa sababu maswali anayoniuliza yana majibu yanayowahusu ninyi nyote mnaoishi kati ya ziwa hili na milima ile.

Swali lake la kwanza lilikuwa kama popo ni ndege. Si ndege. Ndege hutaga mayai, popo huzaa na kunyonyesha. Aina nyingi huzaa mtoto mmoja tu kwa mwaka, ndiyo maana wakiuawa wengi huchukua miaka mingi kurudi walivyokuwa. Sasa nyosheni mkono, mtanue vidole. Bawa la popo ni mkono huo huo. Dole gumba limebaki dogo kama kulabu ya kushikia. Vile vinne vingine vimerefuka mno, na ngozi nyembamba imetandikwa juu yake kama kitambaa juu ya vijiti vya mwavuli. Kati ya wanyama wote wanaonyonyesha, ni popo peke yake anayeruka kwelikweli, na duniani wako wa aina zaidi ya 1,400.

Wale wa paa la shule ni wala wadudu. Hutoa sauti kali ambayo sikio la mtu haliipati, kisha husikiliza mwangwi wake unaporudi kutoka kwa nondo au mbu. Kwa mwangwi huo popo hujua mdudu yuko wapi, yuko mbali kiasi gani, na anakimbilia upande upi. Hayo yote huyafanya akiwa mbioni, gizani. Nikiwaza hayo hunyamaza nikamwachia mtoto ahesabu kwa amani.

Lakini habari niliyotaka hasa kuwapa iko kusini mwetu. Ukishika njia ya ziwa, ukapita Kazimia, ukaingia milimani, utafika kwenye msitu ambao wataalamu huuandika Misotshi-Kabogo. Ni msitu mkubwa unaokaliwa na sokomutu, na wazee wetu wameujua siku zote. Wanasayansi ndio hawakuujua. Tangu mwaka 1960 hawakuingia humo, na sababu mnaweza kuikisia. Mwaka 1965 milima ya Fizi ilikuwa uwanja wa vita, na baada ya vita ile zikaja nyingine. Kwa karibu miaka hamsini hakuna mtafiti aliyetandika wavu wake pale.

Mwaka 2007 kundi la watafiti likapanda. Walikuwemo watu wa shirika la wanyamapori la WCS, watu wa jumba la makumbusho la Field la Chicago, na Wakongo wenzetu wa kituo cha utafiti cha Lwiro, kule Kabare karibu na Bukavu. Kwa muda mfupi tu walipata aina sita za wanyama ambazo hazikuwa zimeandikwa katika kitabu chochote cha sayansi: popo mmoja, panya mmoja, virukanjia wawili na vyura wawili.

Usidhani kazi iliishia hapo. Popo yule alipimwa masikio, meno na fuvu, akalinganishwa na ndugu zake waliohifadhiwa katika majumba ya makumbusho, na ni mwaka 2013 tu ndipo maandishi yake yalipotoka. Kati ya waliotia jina kwenye maandishi hayo yumo Prince Kaleme, mtafiti wa Lwiro. Katika maandishi hayo hayo alitangazwa ndugu yake mwingine, aliyepatikana katika hifadhi ya Kahuzi-Biega. Kwa hiyo mashariki ya Kongo ilitoa popo wawili wapya kwa mara moja.

Popo wetu wa Misotshi-Kabogo ni wa kabila linaloitwa popo wa kiatu cha farasi. Huku hatuna farasi, basi chora herufi U, uizungushie matundu ya pua. Hiyo ni ngozi iliyokunjamana usoni mwake, na juu yake kimesimama kipande kidogo cha ngozi kilichochongoka kama jani. Masikio yake ni makubwa kuliko unavyotarajia kwa mnyama wa kimo kile. Jamaa zake hawapigi sauti kwa kinywa. Huipitisha puani, na ile ngozi huielekeza mbele kama kikombe cha tochi kinavyoelekeza mwanga. Mtoto wa jirani alipoona picha ya popo wa kabila hili alikaa nayo muda mrefu, akasema, "Koko, si mbaya. Uso wake una kazi."

Jina la popo huyo kwa Kilatini ni Rhinolophus willardi. Walimpa kwa heshima ya David Willard, mtaalamu wa ndege wa lile jumba la Chicago. Sina neno na bwana huyo, heshima yake ni ya haki. Lakini ninawaza: kama siku ile angekuwepo kijana wa Kibembe aliyesoma kazi hii, labda leo duniani kote popo yule angeitwa kwa jina la mlima wetu. Watafiti wa kesho wamo kati yenu.

Tena msidhani kila kitu kimekwisha kugunduliwa. Ndugu mwingine wa popo huyu, anayeitwa popo wa Hill, anaishi Nyungwe, Rwanda, si mbali na Bukavu. Alionekana mwaka 1981, kisha akatoweka machoni pa watu. Mwaka 2019 watafiti pamoja na walinzi wa hifadhi wakampata tena, wakampima, wakamwachia, na mwaka 2022 wakatangaza.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa kuna jambo zito. Kumpenda popo si kumshika. Baadhi ya popo hubeba magonjwa yanayoua watu. Kati ya 1998 na 2000, kule Durba na Watsa, kaskazini mashariki mwa nchi yetu, wachimba dhahabu walipata ugonjwa wa Marburg ndani ya machimbo yaliyojaa popo, na watu 128 walikufa. Nasi Fizi tuna machimbo, mnayajua, Misisi na kwingineko, na watoto huingia mashimoni. Usiingie pangoni wala kwenye shimo lenye popo. Usimwokote aliyeanguka, hata kama anakutia huruma. Usile embe lililotafunwa na popo. Akikung'ata au kukuparuza, osha kidonda kwa maji mengi na sabuni, mwambie mkubwa, mwende hospitali siku hiyo hiyo.

Kuna watakaosema, basi tuwaue wote. Waganda walijaribu. Katika machimbo ya Kitaka, magharibi mwa Uganda, wachimbaji waliugua Marburg mwaka 2007. Popo wakaangamizwa. Miaka michache baadaye wachache walirudi, na watafiti walipowapima walikuta kiwango cha virusi kimepanda zaidi ya maradufu kuliko kabla ya mauaji, na mwaka 2012 Marburg ikazuka tena katika eneo hilo, Ibanda. Mimi nilipokuwa kijana niliwapiga popo kwa manati, nikidhani ninaulinda mji. Sikuulinda.

Na tukiwaua, ni nani atakayepanda msitu? Popo mkubwa wa rangi ya majani makavu, mla matunda, hula tini na matunda ya mvule, kisha huangusha mbegu mbali sana na mti mama. Kila mwaka, kuanzia Oktoba hadi Desemba, popo hao hukusanyika kwa mamilioni katika kipande kidogo cha msitu cha Kasanka, Zambia. Waliofungwa vyombo vya kufuatiliwa kwa setilaiti walionekana wakisafiri kutoka huko hadi ndani ya Kongo. Hawaulizwi hati mpakani.

Wanaodhani watoto hawana la kufanya watazame kisiwa cha Pemba, Zanzibar. Kuna popo mkubwa ambaye hapatikani popote duniani ila pale, mbawa zake zikikunjuliwa hufika mita moja na nusu hivi. Aliwindwa, miti yake ikakatwa, na mwishoni mwa miaka ya 1980 walioonekana walikuwa wachache mno. Idara ya misitu na wahifadhi wakaenda vijijini na shuleni, vikaundwa vikundi vya mazingira, na kijiji cha Kidike kikaamua kulinda miti ambayo popo hulala. Wageni wakaanza kuja kuwatazama na kulipa kiingilio. Popo wale wakaongezeka hadi kupita 20,000. Kazi iliyofanyika ilikuwa ya kawaida: kutokata miti ile, kutopiga risasi, na kuhesabu.

Kwetu nako kumeanza. Msitu wa Itombwe ni hifadhi tangu 2006, na ule wa Kabobo tangu 2016. Lakini karatasi haizuii shoka. Msitu hupungua kwa mashamba, kwa makaa, kwa dhahabu, na mtu mwenye njaa hawezi kulaumiwa na aliyeshiba. Ninyi mnaweza kuanza na kilicho karibu: miti mikubwa ya kijijini ambayo popo hulala, na paa la shule yenu.

Basi nawaombeni jambo moja. Leo jioni, kabla ya ugali na ndakala, muulizeni koko wenu popo wa msituni anaitwaje kwa Kibembe, na kama wako wa aina mbili, majina yote mawili. Andikeni kwenye kaye, pamoja na tarehe na jina la kijiji alikojifunzia. Kisha kaeni nje, mbali na ukuta, mtazame kipande kimoja cha anga, mhesabu. Mtoto wa jirani atakuwa jiweni pake kuanzia saa kumi na mbili. Maharage yako ya kutosha.