Ghorofa Zije, Lakini Mpangaji Asisahauliwe

Mji wa Tunduma umekua upesi kuliko barabara zake na mabomba yake ya maji. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu humo watu wasiotimia laki moja. Ile ya mwaka 2022 ilihesabu zaidi ya laki mbili. Reli ya TAZARA, barabara kuu ya Zambia, na kituo cha pamoja cha mpakani kilichofunguliwa Oktoba 2019 vimewaita watu kutoka kila pembe ya nchi. Na mji huu hauwezi kupanuka kila upande, maana ng'ambo ya mpaka ni Nakonde, nchi ya wenzetu.

Mji wa namna hiyo hauna budi siku moja kufikiria kwenda juu. Sisi hatupingi ghorofa. Nyumba mia zikipangwa vizuri mahali pamoja huacha nafasi ya shule, ya zahanati na ya njia ya gari la zimamoto. Lakini wako watu ambao kila wasikiapo raia akiuliza maswali juu ya mpango wa namna hii, humwita adui wa maendeleo. Twasema wamekosea. Wahenga walionya: usiache mbachao kwa msala upitao.

Yatazameni maswali yenyewe. Mama lishe hupika uani. Akipandishwa ghorofa ya nne, jiko lake la mkaa ataliweka wapi? Maji yamekuwa taabu ya siku nyingi Tunduma hata kwa nyumba za chini. Ni pampu gani itakayoyafikisha juu, na nani atakayelipa umeme wake? Choo cha shimo hakichimbwi ghorofani. Maji machafu ya kaya mia yataelekea wapi? Haya si maswali ya mjinga. Ndiyo maswali ambayo mhandisi mwema hujiuliza kabla ya kushika kalamu.

Lakini swali kubwa kupita yote ni la mpangaji. Mpakiaji wa malori, utingo, mlinzi na mhudumu wa hoteli, wengi wao hawana kiwanja. Wana chumba cha kupanga Sogea, Majengo au Kaloleni. Katiba yetu, katika ibara ya 24, yamlinda mwenye mali asinyang'anywe bila fidia ya haki. Mwenye nyumba, basi, ana pa kushika. Mpangaji ana nini mkononi siku tingatinga lifikapo mlangoni?

Tusijibu kwa kubahatisha, maana Magomeni Kota, Dar es Salaam, imekwisha kutufundisha. Mwanzoni mwa miaka ya 2010 kaya 644 zilizokuwa zikipanga humo ziliondolewa, na nyumba zao kuukuu zikabomolewa ili zijengwe mpya. Mpango ukakwama, kiwanja kikabaki kitupu. Mwaka 2016 Rais Magufuli aliagiza majengo yajengwe kwa ajili ya wakazi wale wale, na Machi 2022 Rais Samia aliyafungua. Jambo hilo lastahili sifa, kwa kuwa kaya hizo hazikusahauliwa. Hata hivyo, kwa muda wa miaka kama kumi walitawanyika, na hapana jengo liwezalo kumrudishia mtu miaka yake. Na baada ya kurudi, bei ya kuzinunua nyumba hizo ikazua mjadala mpya.

Iko na njia ya pili, nayo ilipitwa karibu na kwetu. Katika miaka ya 1970, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, mtaa wa Mwanjelwa mjini Mbeya uliingizwa katika mpango wa kuboresha makazi: shabaha ilikuwa kupeleka barabara na maji kwa watu pale pale walipo, badala ya kuwafukuza kwanza. Si kila mtaa wahitaji kubomolewa ili uwe bora.

Kwa hiyo twawaomba wenye madaraka mambo matatu. Kwanza, mpango wowote usomwe mbele ya mkutano wa mtaa kwa lugha iliyo wazi, na wapangaji waitwe pamoja na wenye nyumba. Pili, kila kaya iandikwe kabla ya kuhamishwa, ipewe hati ya kurudi yenye tarehe, na ijue tangu siku hiyo kodi au bei itakuwa kiasi gani. Tatu, maji na mfereji wa maji machafu vitangulie, matofali yafuate.

Na ninyi, ndugu wafanyakazi, msingoje tingatinga lingurume. Nendeni mikutanoni, ulizeni, na majibu yaandikwe. Ahadi ni deni, lakini deni lisiloandikwa ni vigumu kulidai.