Mto Ukija, Una Dakika Ngapi?

(MUZIKI WA KUFUNGUA, SEKUNDE 10, KISHA USHUKE POLEPOLE)

MTANGAZAJI: Leo tunapiga hesabu. Chukua kalamu na karatasi. Kama huna, kijiti na mchanga vinatosha.

Wengi wetu tuliingia Uganda kwa mpaka wa Mpondwe, pale Bwera, tukauvuka mto Lhubiriha. Ukitoka Bwera kwenda Kasese, upande wa mlimani kuna Kyarumba, senta iliyo karibu na mto Nyamugasani. Mto huo unatoka milima ya Rwenzori na kumwaga maji yake Ziwa Edward. Mwezi wa Mei 2020, mvua kubwa ilinyesha mlimani, na mito ya Nyamugasani, Lhubiriha, Nyamwamba na Mubuku ikafurika. Nyumba na mashamba vilikwenda na maji, na kuna waliopoteza maisha.

Sasa tujiulize. Ndugu yako anaishi juu, karibu na mto huohuo. Anakupigia simu: "Mto umefurika, kimbieni!" Una dakika ngapi?

(MLIO WA SIMU, SEKUNDE 3)

MTANGAZAJI: Tunahitaji vitu vitatu tu: umbali, muda na mwendo. Mwendo ni umbali unaokwenda katika dakika moja. Kama mwendo haubadiliki, umbali na muda vinaongezeka pamoja. Umbali ukiwa mara mbili, muda unakuwa mara mbili. Umbali ukiwa nusu, muda unakuwa nusu.

Tuanze na miguu yako. Uwanja mkubwa wa mpira una urefu wa karibu mita 100. Tembea na watoto wako, mmoja mgongoni na mwingine mkononi, toka goli hadi goli. Tuseme mmetumia dakika 2. Basi:

Mita 100, dakika 2.
Mita 200, dakika 4.
Mita 500, dakika 10.
Mita 1,000, dakika 20.

Gawa mita kwa dakika kwenye kila mstari. Jibu ni lilelile: mita 50 kwa dakika. Huo ndio mwendo wenu. Usiazime mwendo wa kijana anayetembea peke yake. Familia hukimbia kwa mwendo wa yule anayechelewa zaidi.

Sasa maji. Siku ya jua, mto ukiwa mtulivu, mtu mzima asimame mbali na ukingo na atazame kijiti kinachoelea. Tuseme kijiti kimekwenda mita 60 kwa nusu dakika. Hiyo ni mita 120 kwa dakika. Lakini mto uliofurika unakwenda kasi zaidi. Tuchukue mara mbili: mita 240 kwa dakika. Hiyo ni kadirio tu, maji yanaweza kuzidi hapo. Na mto ukishajaa, usiende kuupima. Hata maji ya magotini yanaweza kumwangusha mtu.

Ndugu yako yuko kilomita 6 juu yako, tukifuata mto. Hapa wengi hukosea. Mwendo tumeupima kwa mita, umbali tumeambiwa kwa kilomita. Usivichanganye. Kilomita 6 ni mita 6,000. Gawa kwa 240. Unapata 25. Maji yatakufikia baada ya dakika 25.

Kama maji yangekwenda mita 120 kwa dakika, ungekuwa na dakika 50. Umeona? Umbali ni uleule, mwendo ukiongezeka mara mbili, muda unapungua kuwa nusu.

(MUZIKI MFUPI, SEKUNDE 5)

MTANGAZAJI: Kutoka nyumbani kwako hadi mahali pa juu ni mita 900. Kwa mwendo wa mita 50 kwa dakika, 900 gawa kwa 50 ni dakika 18. Maji yana dakika 25. Zinabaki 7. Utasema, "Mungu mkubwa, tumepona."

Subiri kwanza. Tulisema hesabu hii inafaa kama mwendo haubadiliki. Njia yako ni sawa yote? Tuseme mita 600 ni tambarare na mita 300 za mwisho ni mlima. Mlimani, na matope, na mtoto mgongoni, mwendo unashuka hadi mita 25 kwa dakika. Ukikutana na njia ya namna hii, igawe vipande, kila kipande na mwendo wake:

Tambarare: 600 gawa kwa 50, dakika 12.
Mlima: 300 gawa kwa 25, dakika 12.
Jumla: dakika 24.

Sasa imebaki dakika moja tu.

Na bado. Ndugu yako alipoona maji, alikimbia kwanza kuokoa watoto wake, halafu akatafuta mtandao. Simu imekufikia dakika 5 baada ya maji kupita kwake. Katika dakika 5 maji yamekwenda 240 mara 5, yaani mita 1,200. Umebaki na dakika 20, na safari yako ni dakika 24. Umepungukiwa na dakika 4, na hujaanza kutafuta kadi ya chakula, karatasi za usajili na viatu gizani.

Ndiyo maana hesabu hii ni ya kufanya leo, wakati jua linawaka. Inatufundisha mambo matatu.

La kwanza, karatasi zote ziwe kwenye mfuko mmoja, karibu na mlango.

La pili, anayewapigia simu awe mbali zaidi. Safari dakika 24, kuchelewa kwa simu dakika 5, kuamsha watoto dakika 5: jumla 34. Zidisha kwa 240, unapata mita 8,160. Mtu wa kilomita 6 hatoshi. Mtafute aliye zaidi ya kilomita 8.

La tatu, kama huna mtu huyo, usingoje simu. Mvua kubwa ikinyesha mlimani jioni, lala juu usiku huo.

Hata kama kwenye kambi yako hakuna mto, pima njia ya kwenda kliniki kwa mwendo wa mama mwenye uchungu. Utajua ni wakati gani wa kuondoka.

Zoezi la vikundi vya kusikiliza: simu imetoka mita 4,800 juu ya mto, bila kuchelewa. Maji yanakwenda mita 240 kwa dakika. Mahali pa usalama ni mita 700, njia tambarare, mwendo mita 50 kwa dakika. Mtabaki na dakika ngapi?

Jumatatu njema, Jumanne njema, hadi tutakapokutana tena. Kaeni salama.

(MUZIKI WA KUFUNGA)

Kwa kiongozi wa kikundi: maji dakika 20, safari dakika 14, zinabaki 6. Kisha uliza: je, simu ikichelewa dakika 7? Wanakikundi wajibu kabla ya kuondoka.